Anza na kosa la mwanafunzi: mwongozo kwa chuo na shule jirani zinazotaka kuinua sayansi na hisabati

Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba huko Lushoto, kijana wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa, kutia sukari, kuyaacha yapoe, ndipo yaingie kwenye friza. Siku hiyo nafasi ilikuwa finyu. Mpemba akaona akisubiri atakosa mahali, akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuwa yamechemshwa kabisa. Alipomwuliza mwalimu sababu, aliambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani.

Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, aliuliza tena. Mwalimu akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu, na darasa likaufanya usemi huo kuwa utani wa kila siku. Ndipo Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, alipofika shuleni kutoa mhadhara. Mpemba akasimama na swali lake lile lile, wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam, akamwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akarudi na taarifa kwamba kweli maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja, na wanafizikia bado wanabishana kuhusu jambo hilo: lini hutokea, na kama hutokea kweli.

Mtu wa chuo alifika shuleni, akasikiliza swali, akalipeleka maabara, akarudisha jibu. Sehemu kubwa ya mwongozo huu ni namna ya kuyafanya mambo hayo manne kwa mpangilio, mwaka hadi mwaka, bila kungoja abahatike kutokea mtu kama Osborne. Ziara nyingi za chuo nilizowahi kuziona huenda kinyume: basi linafika, fulana zinagawiwa, mhadhara unatolewa, picha zinapigwa, basi linaondoka. Hakuna aliyejua mwanafunzi wa dawati la nyuma anafikiri nini kuhusu umeme.

Nimefundisha fizikia na hisabati shule ya kata kabla ya kuhamia chuoni, na sasa ninafundisha wale watakaokuwa walimu. Ninayoandika hapa ni kwa ajili ya mhadhiri, mkuu wa idara, na mwalimu wa sekondari ambaye shule yake iko umbali wa nauli moja ya daladala kutoka chuoni.

Hatua ya 1: Rekebisha kwanza ukumbi wako wa mihadhara

Mwalimu hufundisha alivyofundishwa. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilijaza ubao, nikafuta, nikajaza tena, kwa sababu ndivyo nilivyowaona wahadhiri wangu wakifanya. Wanafunzi 80 walinakili kimya, na ukimya ule nikauhesabu kuwa ni uelewa. Mtihani ulipokuja ndipo nilipojua. Kwa hiyo chuo kinachotaka shule jirani zibadilike, huku chenyewe kikiendelea kuwasomea kitini wanafunzi 300 wa mwaka wa kwanza, kitazalisha tena walimu wale wale.

Jaribu hili wiki ya kwanza ya muhula. Wape wanafunzi wako, wawili wawili, betri moja ya tochi, balbu moja ndogo na kipande kimoja tu cha waya. Waambie wawashe balbu. Hawa ni watu waliofaulu fizikia kidato cha sita, wanaojua kukokotoa ukinzani wa saketi yenye matawi matatu. Utaona wangapi wanagusisha waya kwenye kitako cha balbu peke yake na kusubiri mwanga, kama vile umeme ni maji yanayomiminwa kwenye ndoo. Balbu ina sehemu mbili za kugusa, kitako na ubavu wa chuma, na mtu asiyelijua hilo hajaelewa saketi ni kitu gani. Usiwacheke. Andika idadi yao, maana utaihitaji.

Kisha badilisha mhadhara wenyewe. Eric Mazur wa Harvard alikuwa akipewa sifa nzuri na wanafunzi wake hadi alipowapa mtihani wa dhana za kani (force), maswali mepesi yasiyo na hesabu. Mwanafunzi mmoja akamwuliza ajibu vipi: kufuatana na alivyofundishwa, au kufuatana na anavyofikiri mwenyewe kila siku? Swali hilo lilimwonyesha Mazur kwamba vichwani mwa wanafunzi wake mlikuwa na fizikia mbili. Tangu mwaka 1991 akaanza kufundisha kwa namna ambayo inafaa sana madarasa yetu makubwa, kwa kuwa haihitaji chochote zaidi ya karatasi.

Inafanyika hivi. Eleza dhana moja kwa dakika 10 hadi 15, si zaidi. Uliza swali moja la kuchagua, lisilohitaji kukokotoa. Kwa mfano: mpira umerushwa juu wima, ukiwa bado unapanda, baada ya kutoka mkononi, kani zipi zinaufanyia kazi, ukiacha ukinzani wa hewa? (A) mvutano wa dunia peke yake. (B) mvutano wa dunia na kani ya mkono inayopungua polepole. (C) kani ya mkono peke yake, mvutano unaanza mpira ukifika kileleni. Kila mmoja afikiri peke yake dakika moja, kisha wote wainue kadi kwa pamoja. Kadi ni vipande vya karatasi ya manila vyenye herufi. Kama huna, vidole kifuani vinatosha, kimoja kwa A, viwili kwa B. Kifuani, si juu ya kichwa, ili asiangalie mtu jibu la jirani.

Hesabu kwa macho. Kama waliopata ni chini ya asilimia 30, rudi ueleze upya kwa njia nyingine, kwani hakuna wa kumsaidia mwenzake. Wakizidi asilimia 70, toa maelezo mafupi, songa mbele. Katikati ya hapo ndipo penye mavuno: kila mmoja amtafute jirani mwenye jibu tofauti na ajaribu kumshawishi. Dakika tatu. Ukumbi utakuwa na kelele kama soko, na mara ya kwanza utaogopa. Vumilia. Waambie wapige kura tena ndipo utoe jibu, ambalo hapa ni A. Wengi huanza na B, na sababu yake nitaieleza kwenye hatua ya lugha.

Mkuu wa idara akikuuliza kwa nini unapoteza muda wa kumaliza mtaala, mweleze kwamba mwaka 2014 watafiti nchini Marekani walikusanya tafiti 225 zilizolinganisha mihadhara mitupu na madarasa ambamo wanafunzi hushughulishwa. Kwenye mihadhara mitupu walifeli wastani wa asilimia 34 hivi. Kwenye madarasa mengine, asilimia 22 hivi. Mtaala uliomalizwa bila kueleweka haujamalizwa.

Hatua ya 2: Kibali na kalenda

Hapa ni pafupi ila pakikosewa kila kitu kinakwama. Kwa shule ya serikali, barua ya chuo iende kwa Mkurugenzi wa Halmashauri kupitia kwa Afisa Elimu Sekondari, kisha kwa mkuu wa shule. Ukianzia kwa mkuu wa shule unamweka mahali pabaya. Ukishapata kibali, usiishie ofisini kwake. Kaa na mwalimu wa taaluma na walimu wa masomo yenyewe, chumba cha walimu, uwaulize mada gani huwasumbua kila mwaka. Anza na shule mbili au tatu. Nimeona mpango ulioanza na shule 15 ukafa kabla ya mvua za masika.

Kalenda za pande mbili hazilingani: shule hufungua Januari, chuo hufungua mwisho wa mwaka, karibu Oktoba au Novemba, wakati kidato cha nne wako kwenye mtihani. Fanya kazi ya pamoja kati ya Januari na Mei. Usiguse kidato cha nne mwaka wa kwanza. Wakuu wa shule watakusihi, kwa sababu matokeo ya Hisabati ndiyo yanayowanyima usingizi, lakini kosa unalolikuta kidato cha nne kwa kawaida lilizaliwa darasa la tano. Chukua kidato cha kwanza na cha pili.

Hatua ya 3: Kusanya makosa

Kabla ya kufundisha lolote, toa jaribio la dakika 40, lisilo na alama, lisilo na jina. Waeleze wanafunzi waziwazi kwamba unataka kujua wanavyofikiri. Maswali yawe machache, na kila swali likiwa limetegwa kwenye mahali panapojulikana kuwa watu hujikwaa. Haya manne hayajawahi kuniangusha:

½ + ⅓ ni ngapi? (Wengi huandika 2/5.)
Ipi kubwa, 0.35 au 0.4? (0.35, kwa sababu 35 inazidi 4.)
(a + b)² ni sawa na nini? (a² + b².)
Mche mdogo umekua ukawa mwembe mkubwa. Sehemu kubwa ya mti ule imetoka wapi? (Kwenye udongo.)

Unaposahihisha, usiweke vyema na mikasi. Panga karatasi mafungu kwa aina ya kosa. Fungu likiwa na karatasi 50 zenye jibu moja lisilo sahihi, hao watoto hawajakosa umakini. Wana kanuni yao, inayoeleweka, na wanaitumia kwa uaminifu. Kazi yako ni kuijua kanuni hiyo kisha kuikutanisha na kitu kinachoikataa.

Kwa 2/5, leta chapati. Kata moja nusu, nyingine theluthi. Mpe mwanafunzi ile nusu mkononi, kisha mwongezee theluthi. Mwulize: sasa una zaidi ya nusu au pungufu ya nusu? Zaidi, bila shaka. Na 2/5 ni zaidi ya nusu au pungufu? Atanyamaza. Ukimya huo, tofauti na ule wa kunakili, ni wa mtu anayefikiri, usiukatize. Baada ya hapo kigawe kidogo cha shirika kina maana: tunatafuta ukubwa mmoja wa vipande ili tuweze kuvihesabu pamoja. Kabla ya hapo KDS ni wimbo tu.

Kwa desimali, rula inatosha: mita 0.4 ni sentimita 40, mita 0.35 ni sentimita 35. Kwa mabano, chora shamba la mraba lenye upande wa 3 + 2. Ndani yake mna kipande cha 9, kipande cha 4, na vile vipande viwili vya 6 ambavyo watu huvisahau. Jumla 25, si 13. Mwanafunzi aliyechora shamba lile ataukumbuka 2ab miaka kumi.

Swali la mwembe liulize pia chuoni. Jibu ni kwamba sehemu kubwa ya uzani mkavu wa mti hutoka hewani, kwenye kaboni dayoksaidi, pamoja na maji. Nimewaona wanafunzi wa shahada ya sayansi, wanaoweza kuandika mlinganyo wa usanisinuru wakiwa wamefumba macho, wakijibu "udongo".

Hatua ya 4: Shughulikia lugha

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu miradi mingi hupita kama vile hapapo. Mtoto wa Tanzania katika shule ya msingi ya kawaida ya serikali husoma sayansi kwa Kiswahili miaka yote, kisha Januari moja anaingia kidato cha kwanza na kila kitu kinageuka Kiingereza. Hilo tunalijua. Tusilolizungumza sana ni kwamba hata Kiswahili chetu cha kila siku kina mitego yake.

Chukua "nguvu". Mtaani neno hilo linabeba kani, nishati, uwezo na afya. Ndiyo maana mpira ukirushwa juu mwanafunzi anasema "bado una nguvu ya mkono", na kwa Kiswahili cha nyumbani yuko sahihi: mpira una mwendo, una nishati. Mwalimu asipotenganisha kani na nishati, mwanafunzi atachagua B maisha yake yote. Chukua "uzito". Dukani uzito ni kilo. Kwenye fizikia kilo ni za tungamo (mass), na uzito ni kani, unapimwa kwa nyutoni. Mtu wa kilo 50 ana uzito wa nyutoni 490 hivi. Chukua "joto", ambalo tunalitumia kwa halijoto na kwa nishati ya joto bila kubagua, kisha tunashangaa mwanafunzi akidhani kikombe cha chai kina joto jingi kuliko pipa la maji ya vuguvugu.

Kwenye hisabati kuna maneno madogo yanayoumiza kuliko makubwa. "Namba iliyo pungufu ya x kwa 5" wengi huandika 5 − x kwa kuwa wamekutana na neno la kupungua wakakimbilia kutoa, wala hawajauliza nani anapungua. Niliwahi kuwauliza kidato cha kwanza tofauti ya 8 na 3, kwa Kiingereza, na binti mmoja akanijibu kwa kujiamini kwamba 8 ni shufwa na 3 ni witiri. Alikuwa amenijibu sawasawa. Mimi ndiye niliyeuliza vibaya.

Cha kufanya: kila mada iwe na ukurasa mmoja ubandikwe ukutani, wenye maneno yasiyozidi kumi, Kiswahili cha mtaani, Kiswahili cha sayansi, na Kiingereza cha mtihani, bega kwa bega. Mjadala wa wawili wawili uwe kwa Kiswahili. Sentensi ya mwisho ya daftarini iwe kwa Kiingereza, maana ndiyo itakayosahihishwa Novemba. Wapo watakaosema mjadala wa Kiswahili unawapotosha. Ningewaomba wakae nyuma ya darasa ambamo Kiswahili kimekatazwa, wahesabu wanafunzi waliofungua mdomo.

Hatua ya 5: Pangeni somo moja, pamoja

Wajapani wana desturi ya walimu kukaa na kutengeneza somo moja kama mafundi wanaojenga dau. Kenya ilichukua mengi kutoka kwao: mwaka 1998, kwa msaada wa Japani, ilianza mradi wa kuwaimarisha walimu wa sayansi na hisabati sekondari, na kazi hiyo ikawa na makao yake, kituo cha mafunzo ya walimu kiitwacho CEMASTEA, huko Karen, Nairobi. Msisitizo wao ulikuwa shughuli, mwanafunzi, jaribio na kufaragua vifaa, yaani kuvitengeneza kwa vitu vilivyopo, na mzunguko wa kupanga, kufundisha, kutazama, kuboresha.

Chagua fungu moja la makosa kutoka hatua ya 3. Walimu wawili au watatu wa shule, mhadhiri mmoja, na wanafunzi wa chuo wawili mnaotarajia kuwapeleka mafunzo kwa vitendo, waandae andalio moja la vipindi viwili mfululizo. Mwalimu wa shule ndiye afundishe, si mhadhiri. Hili nalishikilia kwa nguvu zote: siku mhadhiri atakaposhika chaki mbele ya darasa la mwenyewe, mwalimu amegeuzwa mgeni kwake. Waliobaki wakae pembeni, kila mmoja na wanafunzi wanne wa kuwaangalia, aandike walichosema neno kwa neno. Hakuna wa kumwangalia mwalimu.

Mkimaliza, kaeni siku hiyo hiyo, chai ikiwa mezani. Mwalimu aliyefundisha aanze kusema. Wengine wasome walichokiandika, bila hukumu: "Dakika ya 12, mwanafunzi huyu alimwambia mwenzake kwamba..." Kisha rekebisheni andalio na mwalimu mwingine alifundishe mkondo wa pili. Mizunguko miwili kwa muhula inatosha kabisa.

Hatua ya 6: Vifaa

Maabara zilijengwa kwenye shule za kata nyingi, hasa kwa msukumo wa miaka ya 2014 na 2015, na nyingine bado ni vyumba vyenye meza tu. Usingoje. Uzi wa mita 1, nati ya baiskeli na simu yenye saa vinapima mvutano wa dunia. Funga nati, pima urefu kutoka fundo hadi katikati ya nati, ibembeze kidogo tu, hesabu mibembeo 20 kamili. Itachukua karibu sekunde 40, yaani sekunde 2 kila mmoja. Zidisha 4 kwa π² kwa urefu, ugawanye kwa mraba wa zile sekunde 2, yaani 4, unapata 9.87, kwa mita kwa sekunde mraba. Sasa funga nati mbili, lakini kabla ya kubembeza wapige kura: muda utaongezeka, utapungua, au utabaki pale pale? Utabaki. Watataka kurudia wenyewe, waache warudie.

Choya iliyochemshwa ni kiashiria kizuri: ndimu huifanya iwe nyekundu iliyokolea, maji ya magadi huigeuza kuelekea buluu na kijani. Bomba la sindano lisilo na sindano, likizibwa kwa kidole, linaonyesha uhusiano wa ujazo na kanieneo (pressure). Asidi kali, hata hivyo, haifaraguliwi. Iletwe na fundi sanifu wa chuo, miwani ivaliwe, na asidi ndiyo imiminwe kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi.

Hatua ya 7: Pima

Rudisha jaribio la hatua ya 3 mwezi mmoja na nusu baadaye. Usitazame wastani mtupu. Chukua ongezeko, ligawanye kwa nafasi iliyokuwapo ya kuongezeka. Darasa lililotoka asilimia 28 hadi 46 limeongeza 18 kati ya 72, yaani 0.25. Richard Hake alilinganisha hivyo hivyo kozi 62 za fizikia zenye wanafunzi zaidi ya 6,000, akachapisha mwaka 1998: za mihadhara zilikuwa karibu 0.23, za kushughulisha wanafunzi karibu 0.48. Wapelekee walimu matokeo yao kabla ya mtu mwingine yeyote kuyaona, na yasiwe kamwe kipimo cha kumpandisha au kumshusha mtu cheo.

Hatua ya 8: Daftari la maswali

Kila shule iwe na daftari moja, likae kwa kiranja wa somo, si ofisini. Mwanafunzi akiwa na swali ambalo mwalimu hana jibu lake, anaandika, anaweka tarehe. Mwalimu naye aandike yake. Ni muhimu wamwone akiandika. Mwanafunzi wa chuo alichukue kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, na idara itenge nauli yake kwenye bajeti waziwazi, asilipe kutoka mfukoni.

Chuoni, swali moja kwa mwezi lipelekwe maabara lijaribiwe kweli na wanafunzi wa mwaka wa pili, hata likionekana la kipuuzi. Mengine yajibiwe kwa maandishi. Yasiyo na jibu yaandikiwe hivyo hivyo, kwa sentensi kamili na jina la aliyejaribu. Daftari lirudi kabla ya Ijumaa inayofuata, na jibu lisomwe mbele ya darasa na mwanafunzi aliyeuliza.

Ukurasa wa kwanza wa daftari moja nililonalo hapa mezani umeandikwa na mwanafunzi wa kidato cha pili: kwa nini jiko la mkaa likipepewa linawaka zaidi lakini mshumaa ukipepewa unazimika? Tumelipanga Jumatano, benchi namba 3.